Baiskeli nzima, mtu anaikokota

Nilimkuta mjomba jirani na viwanja vya Tangamano, jua la saa nane linachoma, anaikokota baiskeli yake. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo akamwuliza, "Mzee, pancha? Nikuitie fundi?" Mjomba akainua mkono wa shukrani, akaendelea zake kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya siti.

Nikazitazama tairi. Zimejaa upepo. Cheni inang'aa mafuta. Na ingekuwaje isiwe hivyo? Mjomba anauza vipuri vya baiskeli Ngamiani tangu mimi nabebwa mgongoni. Goroli, spoku, tyubu, pedali: nusu ya wapanda baiskeli wa mji huu wamepita dukani kwake. Na Tanga yenyewe tambarare, hakuna hata kilima cha kusingizia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona unaikokota?"

"Nikipanda, moyo unakwenda mbio."

"Si walikupima, wakasema moyo mzima?"

"Walinipima. Mzima kabisa. Mimi najua." Akasimama, akavua kofia, akajipangusa jasho. "Mwili ndio hautaki kusikia."

Maneno hayo yameninyima raha kwa wiki kadhaa. Mjomba ameniruhusu niyaandike, kwa sharti nisitaje jina lake wala la duka. "Watu wakisikia muuza vipuri anaogopa baiskeli," akasema, "watakwenda kununua kwa jirani."

Karatasi mfukoni

Ilianza usiku. Aliamka moyo unadunda, kifua kimebana, vidole vinachonyota, jasho jembamba linamtoka. Akajua ndiyo safari. Mkewe akaita bajaji. Hospitalini wakambandika waya kifuani, mashine ikatema karatasi ya mawimbi, presha wakapima, damu wakachukua. Alfajiri akaambiwa hana tatizo, aende nyumbani.

Hali ikarudi, naye akarudi hospitali, majibu yakawa yale yale. Safari ya mwisho alikwenda mchana, kwa miguu yake, akaeleza kila kitu kwa utulivu. Daktari hakuinua hata uso. "Mzee, huna ugonjwa. Ni mawazo tu. Punguza mawazo."

Sijui kama kuna agizo gumu kuliko hilo. Ukiambiwa upunguze chumvi, angalau unajua pa kuanzia.

Mjomba akaichukua ile karatasi ya mawimbi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Ikawa hirizi yake. Usiku moyo ukianza, anaikunjua ndani ya neti, anawasha tochi ya simu, anasoma maneno yaliyoandikwa pembeni kwamba moyo uko sawa. Anayasoma, anayaelewa, na ukimwuliza atakwambia anayaamini.

Na moyo unaendelea kudunda vile vile.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi mimi. Tumezoea kusema mtu mwenye hofu isiyo na sababu amekosa taarifa. Mpe ukweli, atatulia. Mjomba anao ukweli, tena umepigwa muhuri. Kaushika mkononi saa nane za usiku, na hofu haijasogea.

Mtumwa wa Roma na bwana wa New York

Wazo kwamba fikra ndizo zinazotutesa ni la zamani. Epictetus, aliyekuwa mtumwa Roma kabla hajawa mwalimu wa falsafa, alifundisha kwamba kinachowasumbua watu si mambo yenyewe, ni hukumu wanayoyapa hayo mambo. Mwaka 1955 Albert Ellis, mwanasaikolojia wa New York, akaligeuza fundisho hilo kuwa tiba. Kwake, kuna tukio, kuna imani uliyonayo juu ya tukio hilo, kisha kuna matokeo, yaani unavyojisikia na unavyotenda. Wengi tunaruka hapo katikati. Tunasema, "Fulani kanikasirisha." Ellis atakwambia hebu rudi nyuma. Fulani alipita bila salamu. Wewe ukajiambia kakudharau. Hasira ilitokea hapo ulipojiambia. Pengine mwenzio hakuvaa miwani.

Mimi napenda sana mafundisho haya. Yameniokoa mara nyingi, hasa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Lakini kwa mjomba yalinikwaza. Kama hisia inatoka kwenye wazo, na wazo limeshanyooshwa na daktari kwa kipimo, mbona hisia imebaki vile vile?

Wapo wenye jibu la haraka: mwili hutangulia. William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, aliuliza mwaka 1884 kama tunatetemeka kwa sababu tunaogopa, au tunaogopa kwa sababu tunatetemeka, naye akachagua la pili. Miaka mia moja baadaye Joseph LeDoux, mtafiti wa ubongo, akiwachunguza panya, akaonyesha kwamba habari ya hatari ina njia ya mkato ndani ya ubongo. Inaweza kufika amigdala, pale mwili unapoamrishwa kujihami, kabla zile sehemu zinazochambua mambo hazijamaliza kazi yake. Wahenga walilisema hilo bila kuhitaji panya: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jibu zuri, ila linaishia njiani. Mshtuko wa unyasi hupita. Unaangalia, unaona ni unyasi, unajicheka, unaendelea na safari. Mjomba alikuwa anautazama unyasi wake kwa miezi, kwa tochi, na bado anashtuka.

Hofu yenye hoja zake

Aliyenifungua macho kidogo ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 2021 akiwa ametimiza miaka 100. Alisomea ile njia ya Freud ya kumlaza mgonjwa kwenye kochi aseme lolote linalomjia. Akagundua kwamba wagonjwa wake, hata wanapozungumza sana, kuna maneno mengine yanawapita kichwani kasi, ambayo hawayasemi, na wengine hawajui kama wanayo. Dawa yake ilikuwa ndogo tu. Akiona uso wa mtu umebadilika, au machozi yamelenga, aliuliza pale pale: nini kimekupita kichwani sasa hivi? Hakungoja atulie kwanza.

Nililirudia jambo hilo mara nyingi. Hawa ndio wakuu wa tiba ya kutumia akili, na bado wanataka hisia iwe mbichi, ndipo walione lile wazo lenyewe.

Sasa mtazame mjomba. Mjomba wa saa nne asubuhi, anayehesabu spoku dukani, anaamini moyo wake mzima. Mjomba wa saa nane za usiku anaamini kitu kingine kabisa. Daktari alizungumza na yule wa mchana.

Yule wa usiku hakuna aliyemwuliza neno.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark, akiwa Oxford, aliueleza mduara wa hali hii, yaani shambulio la hofu. Mtu anasikia kitu kidogo mwilini, pengine moyo umeongeza mwendo kwa ngazi au kwa kahawa ya kijiweni. Anakitafsiri kuwa mauti. Hofu inaingia, adrenalini inamwagika, moyo unazidi, pumzi inakuwa ya haraka haraka. Ukipumua hivyo huku umelala tu, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na hiyo peke yake yatosha kuleta kizunguzungu na vidole kuchonyota. Mgonjwa anaona ushahidi unaongezeka: kwanza moyo, sasa mikono! Na mduara unazunguka. Lakini shambulio la namna hiyo hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka lenyewe.

Kama hushuka lenyewe, mjomba ameshashuka nalo mara ngapi? Mbona hakujifunza?

Jibu la swali hilo lilitolewa na Paul Salkovskis, aliyefanya kazi pamoja na Clark, katika andiko lake la mwaka 1991. Watu hawajifunzi kwa sababu kila mara wanafanya jambo la kujiokoa, halafu wokovu wanaupa hilo jambo. Mjomba moyo ukianza alikaa chini. Alikunywa maji taratibu. Akiwa njiani alishuka kwenye baiskeli akaikokota. Na kila alipofika nyumbani mzima, kichwa chake kilipiga hesabu: nimefika kwa sababu nilishuka.

Irudie hesabu hiyo. Kwa habari alizokuwa nazo, mimi na wewe tungepata jibu hilo hilo.

Hapa ndipo nilipobadili mawazo. Nilikuwa nikiamini kwamba ndani ya mjomba kuna akili upande huu na hofu upande ule, na hofu imeshinda. Kumbe akili yake ilikuwa kazini usiku na mchana, tena imeajiriwa na hofu. Inakusanya ushahidi, inalinganisha, inatoa hukumu. Ile karatasi ya mawimbi ilikuwa ushahidi mmoja dhidi ya safari mia alizofika salama kwa kukokota. Ungekuwa wewe jaji, ungefuata upi?

Bustanini

Kuna kisa Ellis alichopenda kukisimulia juu yake mwenyewe. Akiwa na miaka 19 alikuwa anaogopa mno kuzungumza na wanawake. Akajipa kazi: kwa mwezi mmoja, kila siku, aende kwenye bustani ya mimea ya Bronx, na kila mwanamke atakayemkuta amekaa peke yake kwenye benchi, akae naye na kuanza mazungumzo ndani ya dakika moja. Kwa maelezo yake aliwafuata 130. Thelathini waliinuka wakaenda zao. Mia moja walizungumza naye. Mmoja alikubali wakutane tena, na hakutokea.

Kwa mahesabu ya posa, hasara tupu. Lakini hofu ilikwisha.

Kisa hiki wanakitaja kama kichekesho. Mimi nadhani ndicho kiini cha mambo yote aliyoyaandika, na yeye mwenyewe alilijua hilo, maana mwaka 1993 alikubali kuiongezea tiba yake neno tabia, ikawa ya fikra, hisia na tabia. Hakukaa chumbani akajishawishi kwa hoja mpaka hofu ikasalimu amri. Alikwenda akakaa kwenye benchi. Hoja ilimpa nauli ya kufika bustanini. Kilichobaki alikisikia kwa mwili wake.

Mjomba naye ilibidi apelekwe bustanini.

Haikuwa rahisi. Huku kwetu ukisema unakwenda kwa mtu wa saikolojia, utani wa kwanza ni Lutindi. Kwa msomaji wa mbali: Lutindi ni hospitali ya magonjwa ya akili, iko milimani kule Korogwe, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na imehudumia watu wetu kwa heshima kuliko utani wetu unavyoonyesha. Mjomba alipoelekezwa kwa mshauri nasaha alikwenda kwa njia ya uani, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

Akamkuta binti mdogo kuliko bintiye wa mwisho. Akakata tamaa mlangoni.

Yule binti hakumwambia kwamba moyo wake ni mzima. Alimwomba ile karatasi, akaisoma yote, akauliza alipimwa lini na nani, akahakikisha vipimo vimetosha. (Nawe usianze kujitibu kwa makala hii: maumivu ya kifua kwanza yakapimwe.) Kisha akamwuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Baba, umewahi kuuacha moyo ukaenda mbio, usikae, usinywe maji, ukauangalia tu utaishia wapi?"

"Una wazimu wewe mtoto?" Ndivyo alivyojibu. Kaniambia mwenyewe.

Basi wakafanya pale pale, mlango umefungwa. Akamwambia wakimbie papo hapo, wote wawili, yeye na mzee, viatu wamevua. Mjomba anasimulia huku anacheka: binti wa watu na hijabu yake, anaruka ruka kama yuko kwenye mazoezi ya timu ya Coastal Union. Moyo ukaanza kupiga. Akataka kukaa. "Bado kidogo, baba." Kisha wakaketi wakapumua haraka haraka kwa dakika moja, na vidole vikaanza kuchonyota.

Vile vile. Vya saa nane za usiku.

"Nikamtazama," mjomba anasema. "Nikamwambia, kumbe hii kitu inatengenezeka?"

Kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa na kujionea hivyo. Mtoto akija mbio barazani kutoka uani, anahema, anasema jikoni kunaungua, humtulizi kwa kumweleza kwamba jiko limezimwa tangu asubuhi, hata kama ni kweli. Unainuka, unamshika mkono, mnakwenda naye mpaka jikoni, anaangalia mwenyewe. Ukimkaripia atanyamaza, ila ataendelea kukodolea macho ule mlango. Na siku nyingine atakuwa sahihi, maana moto nao upo.

Baada ya hapo wakaiendea baiskeli, pole pole. Kwanza kupanda mpaka kona ya mtaa. Kisha mpaka Raskazoni, jioni, upepo wa bahari uko usoni na pedali ni nzito. Sharti lilikuwa moja: moyo ukianza, asishuke. Aongeze mwendo. Mjomba anasema safari ya kwanza ya Raskazoni alisoma dua zote anazozijua, na nyingine akazirudia.

Na kama hisia zisingekuwepo?

Wapo wanaofika hapa wakasema: basi raha ingekuwa kutokuwa na hisia kabisa, mtu abaki na akili tupu. Antonio Damasio, daktari wa mishipa ya fahamu, alimweleza mtu wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1994. Alimwita Elliot. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Akapona, akili yake ikapimwa, ikaonekana nzuri tu. Ila hisia zilikuwa zimefifia. Angeweza kusimulia msiba wake mwenyewe kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Maisha yake yakaporomoka: kazi, fedha, ndoa. Alishindwa kuchagua. Mgonjwa mwingine mwenye jeraha kama hilo alipewa siku mbili achague moja ya kurudi kliniki. Akatoa kalenda, karibu nusu saa akawa anapima faida na hasara za kila siku, mvua, miadi mingine, kila kitu. Hatimaye Damasio akamwambia njoo hiyo ya pili. Akasema sawa, akainuka.

Hoja alikuwa nazo tele. Hakuwa na kitu cha kumwambia ipi ina uzito.

Ninapomsikia mtu akijisifu kwamba yeye "hafuati hisia," huwa namfikiria mtu yule na kalenda yake. Hata uamuzi wa kutuliza hasira ili usivunje ndoa, hauamuliwi na hesabu tupu. Unampenda yule mtu, unaogopa kumpoteza. Hisia moja inaishika nyingine mkono, akili ikiwa katikati.

Safu ya katikati

Ningeishia hapo kama mjomba angepona hapo. Mashambulio yalipungua kweli. Lakini usingizi haukurudi, na alikuwa mkimya kuliko zamani.

Yule mshauri alikuwa amempa karatasi ya safu tatu za kujaza nyumbani: kilichotokea, kilichonipita kichwani, nilivyojisikia. Mjomba aliijaza kama daftari lake la madeni, kwa mwandiko wa kulala, kila mstari na tarehe. Safu ya katikati mwanzoni ilikuwa imejaa "nakufa," "leo ndiyo leo," "moyo utasimama." Haya yalianza kufutika. Kisha kikabaki kitu kimoja kinachojirudia, ambacho hakikufutika:

"Na yeye alikuwa mzima."

Yeye ni mdogo wake. Alianguka asubuhi moja kabla ya chai, hakufika hospitali. Mimi nilikuwepo msibani. Namkumbuka mjomba siku ile, ndiye mkubwa wa nyumba: anatuma watu makaburini, anaulizia sanda, anapokea mikono ya watu wa Pangani na wa Muheza, anahesabu sahani. Na kila aliyemshika mkono alimpa hoja. Ndiyo njia yetu sote. Kazi ya Mola haina makosa. Jikaze, watoto wanakutazama.

Maneno yote hayo ni kweli, na mimi nayaamini. Ila yalifika kabla mtu hajafungua mdomo. Mjomba alijikaza siku ile, akajikaza arubaini, akajikaza mwaka mzima, na jambo lisilopata mdomo likatafuta kifua.

Hapa tiba ya kusahihisha mawazo inafika kwenye ukuta, na nampongeza Ellis kwamba aliuona. Alitenganisha huzuni na kuvunjika moyo, wasiwasi wa kawaida na hofu inayokufunga miguu. Huzuni hakuihesabu kuwa kosa la kufikiri. Ndugu yako akifa, wazo "ndugu yangu kafa" halina pa kusahihishwa, na maumivu yanayolifuata ni ya haki yake. Ukimpeleka mtu huyo kwenye hoja, unamwonea.

Nakumbuka habari za mabibi wa Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, kwa uhaba wa wataalamu, aliwafundisha mabibi 14 wa kitongoji cha Mbare kukaa na wenye msongo kwenye benchi, nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye mabenchi ya namna hiyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umeshafika mpaka Zanzibar. Kazi ya benchi lile ni ya akili kabisa: orodhesha matatizo, chagua moja, tafuta hatua ya kuanzia. Lakini hiyo ni baadaye. Kwanza bibi anasikiliza mtu afunguke. Nadhani ufundi wote uko kwenye mpangilio huo, na sisi misibani mara nyingi tunaugeuza.

Yule binti aliiona ile sentensi, akaikunja karatasi, akaiweka pembeni. Hakuuliza ushahidi. Alisema, "Nisimulie huyo mdogo wako, baba. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mjomba aliniambia alianza na habari ya siku walipoiba baiskeli ya baba yao, wote wawili juu yake, mmoja kwenye karia, wakaangukia mtaroni. Akasimulia mpaka mwisho. Alitoka pale jua linazama.

Mkaza mjomba hakubali

Wiki iliyopita nilikwenda kwao baada ya isha. Kahawa ipo, kashata ipo. Nikasema naandika makala juu ya namna mzee alivyopata usingizi, kwa hiyo nataka kujua ilikuwaje. Siku aliyolala usiku kucha wote wawili wanaikumbuka: Alhamisi.

"Andika kisomo," mkaza mjomba akasema, hata sijamaliza. "Alisomewa hapa hapa ukumbini. Yasini, dua, wazee wamekaa mpaka birika limekauka. Usiku ule ule kalala mpaka nikamwamsha mimi kwa alfajiri. Sasa hizo karatasi zenu za nini?"

"Nililala kwa sababu asubuhi nilikwenda Pongwe kwa baiskeli nikarudi," mjomba akasema, "na kusi inavuma. Ungekwenda wewe ungelala siku mbili."

"Pongwe! Na kabla ya Alhamisi hukuwa unaendesha? Mbona hukulala?"

"Sikuwa nimefika Pongwe."

Nikajaribu kusema kwamba huenda ni yote kwa pamoja. Hakuna aliyenisikiliza.

"Na mchana?" mkaza mjomba akanigeukia mimi, shahidi wake. "Muulize mchana alikuwa wapi. Kwa yule binti. Karudi hapa macho mekundu kama kachomwa pilipili, namwuliza una nini, hasemi. Sasa na hilo liandike."

Mjomba akanitazama, akajua kwamba najua.

"Vumbi la Pongwe," akasema, akanisogezea kikombe nimwongezee kahawa.